Majibu yapangwe kama mti au kama foleni? Natengeneza mfumo wa mijadala ya maandishi matupu kwa wafugaji, njooni mkosoe

#1 Chelezo

Wakuu, habari za jioni.

Kuna ushirika mdogo wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Muheza, wanachama sitini na ushee, mama yangu mdogo ndiye katibu. Miaka mitatu sasa wana kundi lao kwenye simu, na limewashinda. Mtu anaandika saa 12 asubuhi: "Mtamba wangu ana homa, matezi ya chini ya sikio yamevimba, hali chochote." Kila aliyewahi kuuguza ndigana kali anajua hapo hakuna siku ya kupoteza. Kabla bwana mifugo hajashika simu, juu ya swali hilo zimeshapanda salamu arobaini, dua ya Ijumaa, video ya kwaya na mtu anayeuza pikipiki. Bwana mifugo akiingia saa 5 anakuta mwishoni pana msiba, anaandika "poleni sana wafiwa", anatoka. Swali limezama.

Mama mdogo kaniambia kwa kifupi: tutengenezee kitu ambacho swali halizami.

Nimeshaamua yatakuwa maandishi matupu. Picha hakuna, sauti hakuna. Sababu ya kwanza ni bando. Ya pili ni simu zenyewe: wengi wana simu janja za bei ndogo ambazo hata kufuta picha za zamani wanasubiri mtoto arudi shule, na watu kumi na wanne wana vitochi, zile simu za vitufe zisizo na intaneti. Ukurasa mmoja nataka usizidi kilobaiti 20.

Nimekwama kwenye majibu. Nikipanga kama mti, kila jibu linaning'inia chini ya lile linalolijibu na kusogea kulia. Nimeujaribu mti huo kwenye simu ya mama mdogo: ngazi ya nne imebakiwa na nafasi ya neno moja kwa mstari, na "wanaotuhudumia" limekatika vipande viwili. Nikipanga kama foleni, kila jibu nyuma ya mwenzake kwa saa lilipoingia, watu wakianza mazungumzo mawili ndani ya uzi mmoja hujui "ndiyo, mpe" anajibiwa nani. Na hapo tunaongelea dawa ya sindano, si pipi.

Pia nafikiria kupiga marufuku salamu kabisa. Naomba kuwasilisha.

#2 Mpita Njia

Nimeshusha kigoda hapa. Ngoja wajuzi waje.

#3 BintiPangani

Kaka Chelezo, kwenye salamu umeteleza. Mama wa miaka sitini aingie mbele ya watu sitini aanze na "ng'ombe wangu anaharisha" bila hata hodi? Hataandika. Atakaa kimya na ng'ombe atakufa. Nasimamia kikundi cha kina mama huku kwetu na tuliwahi kuweka sheria hiyo. Walionyamaza ni wale wazee tuliokuwa tunawahitaji. Vijana wala hawakuguswa.

Hata hivyo salamu ina tatizo lake, ila liko mahali pengine. Fungua orodha ya ujumbe kwenye simu yako uitazame. Kila ujumbe unaonyeshwa maneno yake ya mwanzo, herufi hamsini hivi. Sasa sisi herufi hamsini za mwanzo ni "Assalaam aleykum wapendwa, natumaini mmeamka salama". Ujumbe kumi, mistari kumi inayofanana kama mapacha, na huwezi kujua upi ni homa na upi ni mchango wa harusi. Aliyebuni orodha ile alidhani mtu huanza na shida yake. Kwao labda.

Dawa yake ni visanduku viwili. Cha juu, kifupi, kinauliza "Shida ni nini?" Cha chini, kipana, kinasema "Eleza". Humo ndani asalimie mpaka achoke. Orodha ionyeshe cha juu peke yake.

Na fungua uzi mmoja wa kudumu wa salamu, misiba na pongezi. Usiuite "Mengineyo", hakuna mtu anayependa kufiwa kwenye Mengineyo. Uite Barazani.

#4 Chelezo

Barazani! Nimelichukua hilo, dada. Na marufuku nimeifuta leo leo.

#5 Mzee wa Modemu

Binti kamaliza upande wa adabu. Mimi nije upande wa mti, na mnivumilie, nitakuwa mrefu.

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko wengi mnaosoma hapa. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kilikuwa na mfumo wa kufundishia kwa kompyuta uitwao PLATO, skrini zake zinawaka rangi ya chungwa. Watumiaji waliripoti hitilafu kwenye faili moja la wazi. Yeyote aliandika, na yeyote aliweza kufuta au kubadili cha mwenzake, na nani kaandika kipi hakuna aliyekuwa na uhakika. Kazi ya kurekebisha akapewa kijana wa miaka 17, David Woolley. Akatengeneza kitu kilichoitwa Notes. Kila andiko likawa linapigwa muhuri wa jina, tarehe na saa bila mwandishi kuulizwa, na chini yake majibu yamepanga foleni, mwisho majibu 63. Ngazi zilikuwa mbili basi, andiko na majibu yake. Jibu la jibu halikuwepo.

Mti ulienezwa na Usenet, mtandao wa mijadala uliorusha maandiko kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Wazo lilikuwa la Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 1979. Kila andiko lilipewa utambulisho wake usiofanana na mwingine popote, na baadaye kila jibu likawa linabeba utambulisho wa wazazi wake wote hadi shina. Kama mtu anayejitaja: mimi fulani bin fulani bin fulani. Uzuri wake ni kwamba hata andiko la baba likikwama njiani, mjukuu akifika kwanza ukoo wake unajulikana. Nasaba hiyo ihifadhi ndani ya seva yako, Chelezo, hata kama huionyeshi. Kuhifadhi mti ni jambo moja na kuuchora mbele ya msomaji ni jambo jingine. Waliokuwa wanachora mti walikuwa na skrini yenye herufi 80 kwa upana na siku nzima mbele ya kompyuta. Mama yako mdogo hana vyote viwili.

Lakini kilichonifanya niipende Usenet wala hakikuwa mti. Kilikuwa kifaili kidogo kilichokaa upande wa msomaji, jina lake .newsrc. Humo kila kikundi kimeandikwa pamoja na namba za maandiko uliyokwisha kuyasoma, tuseme 1-4312. Ukifungua kesho, programu kama rn, aliyoitoa Larry Wall mwaka 1984, inakupeleka 4313. Haikupeleki mwanzo wala mwisho. Inakupeleka ulipoishia.

Hapo ndipo kundi lenu lilipovunjika. Bwana mifugo akiingia saa 5, anatupwa palipo na kelele za karibuni, wakati yeye aliondoka jana saa 2 usiku na hajui katikati kumepita nini. Mti au foleni, vyovyote utakavyopanga, kama mfumo haujui msomaji aliishia wapi, swali litazama tu.

#6 Kasuku wa Mbooni

Mzee ameshusha nondo. Salamu kutoka Makueni, Kenya.

Chelezo, mimi nitakupa jambo moja la kichujio cha matusi, kwa sababu najua utakuja kuambiwa na mtu uweke. Mahali fulani nilijaribu kujisajili, pakaulizwa unatoka wapi, nikaandika nyumbani kwetu: Mbooni. Ukurasa ukaniambia nitumie lugha ya heshima. Nikaandika tena polepole, labda nimekosea. Lugha ya heshima! Ndugu zangu, hilo ni jimbo la uchaguzi, lina mbunge.

Wenye akili za haraka wameshaona kilichotokea. Kichujio kinatafuta herufi nne popote zilipo, hata katikati ya neno la watu. Kaka yangu wa Dar aliniambia chao kilikuwa kinakataa "kumaliza". Jaribuni kuendesha mjadala wa Kiswahili bila kumaliza chochote.

#7 BintiPangani

😂😂 Kasuku umeniua. Kumbe ndiyo maana.

#8 Chelezo

Nimecheka mpaka mama mdogo kauliza kuna nini, na nimeshindwa kumweleza.

Kichujio hakitakuwepo. Watu sitini wanaojuana kwa majina ya watoto wao, anayetukana atakutana na mwenyekiti mnadani. Ila umenikumbusha upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo, kutafuta. Mashine nyingi za kutafuta zinalinganisha mwanzo wa neno. Ukiandika "chanj" zinakuletea "chanjo" na zinaacha "kuchanja", "wamechanjwa", "hatujachanja". Lugha yetu inabadilisha mbele ya neno, mwenye kiwele kimoja na mwenye viwele viwili wanaanza na herufi tofauti. Kwa hiyo utafutaji wangu utaingia katikati ya neno, pale pale ambapo kichujio kilikuwa hakitakiwi kuingia.

Mzee wa Modemu, shikamoo. Hilo la kuishia limeniamsha. Swali: alama hiyo ya "uliishia hapa" niitunze kwenye simu au kwenye seva? Huku simu moja inashikwa na baba, mama na mtoto wa darasa la sita. Mtoto akifungua, baba anahesabiwa kasoma.

#9 Mzee wa Modemu

Marahaba. Itunze kwa seva, kwa jina la mtu, na mtu aingie kwa namba fupi ya siri. Halafu mpe msomaji uwezo wa kukataa: kitufe kidogo "Sijasoma haya", kinarudisha alama nyuma. Rn ilikuwa nacho hicho, unalirudisha andiko kuwa halijasomwa. Watu wanakisahau siku hizi, kana kwamba kufungua ndiyo kusoma.

Mawili mengine ya zamani uyaangalie. Usenet watu walinukuu andiko zima la mwenzao kwa alama ya > kisha wanaongeza chini "nakubaliana". Wenye programu wakaweka kizuizi: kama mistari uliyonukuu inazidi uliyoandika mwenyewe, andiko linakataliwa. Unajua watu walifanyaje? Walijaza mistari ya upuuzi chini ili hesabu ikae sawa, wengine wakabadili alama ya > kuwa nyingine. Kwa hiyo kunukuu usikuzuie kwa amri. Kufanye kuwe kufupi: mtu akigusa "Jibu", mfumo wenyewe uchukue jina la anayejibiwa na maneno yake machache ya mwanzo, basi.

La pili. Programu ya kutuma maandiko iliyoambatana na rn ilikuwa inakuonya kabla ya kutuma kwamba ujumbe wako unakwenda kwenye maelfu ya mashine na utagharimu mtandao fedha nyingi, kisha inakuuliza una uhakika? Siku ya kwanza mkono ulitetemeka. Siku ya kumi nilikuwa nabonyeza "y" huku natazama dirishani. Onyo la kila mara halionyi.

#10 NuktaNundu

Naomba niingie. Sioni, natumia programu inayonisomea skrini, na nimekaa kimya tangu mwanzo kuona kama kuna mtu atatutaja. Hakuna, si neno, nimekuja mwenyewe.

Mzee, hizo alama za > unazozikumbuka kwa mapenzi, mimi nasomewa moja moja. Nukuu ndani ya nukuu ndani ya nukuu, kabla sijafika kwenye neno la kwanza nimesikiliza alama nne, kila mstari. Mti nao kwangu hauonekani kabisa. Nyinyi mnaona limesogea kulia, mimi nasikia majibu yanafuatana kama foleni, tena foleni iliyovurugwa, kwa sababu jibu la Jumatano linasomwa kabla ya la Jumatatu. Kumbe mti ni picha tu. Maandishi matupu hayawi matupu mkianza kuchora kwa nafasi.

Nachoomba ni maneno. Andika "Asha anamjibu Juma" kwa maneno, mwanzoni mwa jibu, si kwa rangi wala kwa kusogeza. Kila jibu liwe na kichwa ambacho programu yangu inaweza kukirukia, ili nikiboreka na jibu nisilazimike kulisikiliza mpaka mwisho. Nyinyi mnaruka kwa jicho na hamjui kama mnaruka.

Na kile kitu cha kupakia majibu mapya yenyewe wakati bado nasoma, usikiweke. Sakafu inahama chini ya miguu.

#11 Chelezo

Dada/kaka NuktaNundu, samahani kwa kutokukuwaza, na asante. "Asha anamjibu Juma" kumbe inamaliza na ugomvi wangu wa #1. Foleni kwa kuonekana, mti kwa ndani kama alivyosema mzee, na kila jibu linajitambulisha kwa maneno linamjibu nani. Sikuwa nahitaji kuchagua.

Majibu mapya yatasubiri. Juu kutakuwa na mstari "Kuna majibu mapya 2", ukiugusa ndiyo yanaingia.

#12 Mpita Njia

Vitochi je? Mmewasahau wale kumi na wanne.

#13 Chelezo

Mkuu, hapo ndipo nilipoungua vidole, nilikuwa naona aibu kusimulia.

Nilianza na SMS. Swali likiingia, wenye vitochi wanapata muhtasari. SMS moja ni herufi 160, Kiswahili hakina vikorombwezo, nikaona tumebarikiwa. Nikatunga tangazo la josho, herufi 150, nikalituma kwa watu wote kupitia kampuni moja ya SMS za jumla. Bili ikaja mara tatu. Nikapiga simu kwa hasira, nikaambiwa kila mtu alitumiwa SMS tatu. Usiku mzima nahesabu herufi. 150. Nahesabu tena. 150.

Kosa lilikuwa kwenye ng'ombe. Nilikuwa nimeandika kwa simu janja, na simu janja inageuza kile kialama cha juu cha ng' kuwa kile cha kupinda, cha mapambo. Kilichonyooka kimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Cha kupinda hakimo. Kimoja tu kikiingia, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wa herufi, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70, na ukigawanywa kila kipande kinabeba 67. Ushirika wa ng'ombe, wakuu! Kila ujumbe tutakaotuma maisha yetu yote una ng'ombe ndani.

Siku hizi seva inanyoosha kialama kabla ya kuhifadhi chochote. Hiyo imeponya na utafutaji pia, maana zamani aliyetafuta ng'ombe mnyoofu hakuwapata ng'ombe waliopinda.

#14 Kasuku wa Mbooni

Ng'ombe waliopinda 😂 Sasa mwenye mulika mwizi anajibu vipi? Kusoma ni nusu.

#15 Chelezo

Kila swali lina namba. Swali la 27, unatuma SMS inayoanza na 27: "27 nakuja saa 4, asimpe kitu mpaka nifike." Inaingia kwenye uzi wa 27 kwa jina lake. Tatizo ni kwamba nusu yao hawaandiki namba. Wanajibu tu "sawa mama nimekuelewa" na mashine haijui mama yupi wala kaeleweka nini.

#16 Mzee wa Modemu

Hapo usitafute mashine. Nitakupa kisa kingine cha 1973, Berkeley, California. Mfumo uliitwa Community Memory. Waliweka mashine ya teletaipu, taipureta inayozungumza na kompyuta, kwenye duka la kuuza sahani za muziki, Leopold's Records, imeunganishwa kwa simu na kompyuta kubwa iliyokaa mbali. Teletaipu ile ilikuwa na kelele, wakaifunika kwa boksi la karatasi lenye dirisha la kuonea na matundu ya kupitishia mikono. Mtu wa mtaani, ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani, anaandika tangazo na kulipachika maneno yake mwenyewe ya kulitafutia. Hakuna orodha ya mada iliyopangwa na wakubwa.

Lakini ukisoma habari zake, angalia aliyesimama kando ya boksi. Kulikuwa na mtu pale. Kazi yake kukaribisha na kuonyesha. Wabunifu wa mifumo wanasimulia boksi, wanamsahau mtu.

Kwenu kila asubuhi wafugaji wote wanakutana wapi?

#17 Chelezo

Kituo cha kukusanyia maziwa. Saa 12 hadi saa 2, foleni ya madumu. Karani anapima, anaandika kwenye daftari.

Ee.

#18 BintiPangani

Ndiyo hapo hapo. Na karani huyo anawajua wote, anajua "mama" yupi alimaanisha nani. Zile SMS zisizo na namba zimwendee yeye kwenye kapu, anazipanga kwa mkono. Na asiyeandika kabisa aseme pale pale, karani aandike, iingie kwa jina la msemaji: "Mama Zaituni, kwa mkono wa karani". Hilo la mkono liandikwe, siku kukitokea ubishi nani kasema nini.

Ila mlipe. Usimbebeshe karani mfumo wako bure halafu ushangae mbona umekufa mwezi wa pili.

#19 Mzee wa Modemu

Na hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika mimi.

Nikumbushe jambo moja, kwa sababu mmetaja bando. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa Nairobi. Intaneti ya kukaa hewani saa zote hatukuwa nayo. Tulitumia FidoNet, ile aliyoianzisha Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984. Kompyuta yako inafunga barua zote kwenye furushi, usiku simu zikiwa bei rahisi modemu inapiga, inasukuma furushi la kwenda na kuvuta la kuja, inakata. Mchana unasoma na kujibu bila laini kugharimu senti. Mjadala ulikwenda polepole, jibu baada ya siku, na watu waliandika vizuri kwa sababu hiyo.

Nasikia makampuni yenu sasa yanauza bando la usiku kwa bei ya kutupa. Vuta nyuzi zote usiku, ukurasa ukae ndani ya simu, mchana mtu asome hata akiwa bandani kusiko na mtandao. Jibu lake lisubiri mtandao urudi na liandikwe wazi "halijatumwa bado". Usimdanganye kwamba limekwenda.

#20 Mpita Njia

Mimi ni mpita njia ila nina swali la saa. Mfumo utaandika 08:15 au saa 2 na robo?

#21 Chelezo

Saa 2:15 asubuhi, na neno asubuhi halifutiki. Hilo nililijaribu mapema. Toleo la kwanza liliandika tarehe na saa kwa mtindo wa kompyuta, bwana mifugo akaandika ndani "nakuja saa 4", muhuri wa juu unasema 07:40, mzee mmoja akaona saa 4 imeshapita tangu usiku, akampeleka ndama kwa mtu mwingine. Usiku wa manane mfumo unaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", maana ukiandika Ijumaa saa 8 usiku kila mtu ataelewa anavyotaka.

Nimekaa na mama mdogo na karani leo mchana, tumepanga sura ya orodha. Hii hapa, ipigeni mawe:

==========================
MASWALI. Mapya tangu ulipoondoka: 2
==========================
27. Mtamba ana homa na matezi, hali
Mama Zaituni, leo saa 12:05 asubuhi
Majibu 4, hujasoma 2

26. Pumba bei gani wiki hii?
Mzee Kaniki, jana saa 1:30 usiku
Majibu 9, umesoma yote

Barazani: salamu, misiba, pongezi
==========================

Na ukiingia ndani ya 27:

Jibu la 2. Karani anamjibu Mama Zaituni: "hali..."
Bwana mifugo amepigiwa, yuko njiani.
----- ULIISHIA HAPA -----
Jibu la 3. Bwana mifugo anamjibu Mama Zaituni: "hali..."
Nakuja saa 4 asubuhi. Msimpe kitu. Angalieni kupe ndani ya masikio ya wengine.

Swali ambalo halijapata jibu la bwana mifugo linabaki juu ya orodha hata kama ni la jana. Lingine lolote linashuka.

#22 BintiPangani

"Hali..." hapo kwenye nukuu haisaidii kitu. Chukua maneno ya kisanduku cha juu, si ya mwisho wa sentensi.

#23 Chelezo

Kweli. Narekebisha.

#24 NuktaNundu

Nimeisikiliza mara mbili. Nzuri, "Jibu la 3, Bwana mifugo anamjibu Mama Zaituni" inapita sikioni kama mtu anasimulia. "Uliishia hapa" nimeipenda, nitairukia moja kwa moja.

Ila hiyo mistari ya === juu na chini. Umeweka mitatu. Programu yangu imenisomea "sawa na sawa na sawa na", nikadhani mnakubaliana.

#25 Chelezo

Nimeitoa yote mitatu. Na vile vistari pembeni ya ULIISHIA HAPA?

#26 NuktaNundu

Navyo.